Una pumu na unataka kupanda volkano za Kyushu? Soma kwanza kabla hujalipa

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenyeji wa Tanga, anaishi Muscat. Kwa kifupi anasema kapata nafasi kwenye safari ya kuongozwa ya siku saba kwenye milima ya volkano kule Kyushu, kusini mwa Japani. Wanaanza Kuju, wanapita Aso, wanaenda Kirishima halafu wanamalizia Sakurajima. Kilimanjaro alishapanda kwa njia ya Marangu akaishia Gilman's, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele. Ana pumu sio kali sana, anatembea na inhela, na goti la kulia linamuuma akishuka. Anataka kujua kama ni ngumu kuliko Kilimanjaro, kama ni salama kwa mtu wa pumu maana milima yenyewe bado inafuka moshi, achague tarehe za mwanzo wa Juni au za mwisho wa Oktoba, na suala la chakula na yale mabafu yao ya kuoga pamoja, mwanamke wa Kiislamu anafanyaje.

Waalaykum salaam dada yangu. Kabla ya yote naanza na ile sentensi uliyoiweka mwishoni mwishoni, kwamba hujamwambia kiongozi wa safari kuhusu pumu usije ukaondolewa kwenye kundi. Mwambie. Mwambie leo, kwa maandishi, na utaje dawa unayotumia na mara ya mwisho ulibanwa lini. Najua watu wengi wanaficha kwa sababu hela ishatoka au wanaona aibu, lakini kwenye milima hii pumu ndo kitu cha kwanza kiongozi anatakiwa kujua, hata kabla ya umri wako.

Sababu yenyewe ni Aso. Pale juu kwenye mdomo wa kreta ya Nakadake gesi inayotoka ni dayoksidi ya salfa, ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa kwenye mabonde, na mtu mwenye pumu inamkaba kifua kwa kiasi kidogo sana ambacho aliyesimama naye bega kwa bega hata hajakohoa. Mwaka 1997 watalii wawili walifariki pale kwa gesi hiyo hiyo. Ndo maana leo kuna mashine za kupima gesi, taa na vipaza sauti, upepo ukigeuka tu walinzi wanatoa watu wote na njia inafungwa, inaweza kufungwa dakika kumi baada ya nyie kufika au ikafungwa siku nzima. Na kuna mabango kwa lugha kadhaa yanayosema wenye pumu, wenye matatizo ya kifua na wenye ugonjwa wa moyo hawaruhusiwi kusogea. Hilo ni katazo dada, sio ushauri, na inhela haikupi ruhusa. Usisogee mdomoni hata kama siku hiyo taa inaonyesha kuko shwari na wenzako wanakuita upige nao picha.

Na wala hukosi Aso kwa kukosa ule mdomo. Aso ni kaldera, yaani shimo kubwa lililobaki baada ya volkano kulipuka na kuporomoka, ya karibu kilomita 25 kutoka kaskazini kwenda kusini na kama 18 kutoka mashariki kwenda magharibi, yaani inaizidi Ngorongoro, na ndani yake humo kuna mashamba ya mpunga, treni inapita, watoto wanaenda shule, watu kama 50,000 wanaishi wanalima na kufuga. Mlipuko mkubwa wa mwisho ulioiacha hivyo ulitokea miaka kama 90,000 iliyopita. Kwahiyo wenzako wakienda mdomoni, wewe mwombe kiongozi muachane Kusasenri, ule uwanda wa majani wenye madimbwi katikati, upande mlima wa Kishimadake, mita kama 1,320 tu, njia imetengenezwa vizuri na kwenda na kurudi haikuchukui muda mrefu. Ukiwa juu pale unaiona Nakadake yote inafuka upande wa mashariki na chini yako majani mpaka macho yanachoka, na ng'ombe wao wale wekundu wanalishwa humo. Ila hata hapo uliza kwanza upepo unaelekea wapi, ukiwa unavuma kutoka kretani kuja kwenu basi siku hiyo shukeni bondeni.

Kuju nako kuna moshi, unatoka kwenye mlima unaitwa Iozan ambao zamani walikuwa wanachimba salfa, ulilipuka Oktoba 1995. Hapo utasikia ile harufu ya yai viza. Njia za kawaida zinapita mbali na matundu yenyewe na watu wengi wanapita bila shida yoyote, lakini wewe funga mask, usikae kupumzika kwenye kibonde chenye harufu, na inhela iwe kwenye mfuko wa suruali, sio kwenye begi, wala isiwe kwenye sanduku lililoondoka asubuhi na gari. Nasisitiza hilo la sanduku maana kwenye safari hizi hakuna wapagazi kama wetu. Mizigo mikubwa inasafirishwa kwa gari kutoka hoteli mpaka hoteli, wewe unabeba kibegi cha siku, na usiku mnaolala mlimani sanduku linakusubiri kituo cha mbele.

Sasa usalama wa volkano zenyewe. Sisi tukisikia volkano mawazo yanaenda Nyiragongo, ile lava iliyoshuka mpaka mjini Goma mwaka 2002. Kwa mpanda mlima kule Japani hatari kubwa mara nyingi sio lava. Ni mlipuko wa mvuke, maji yaliyo chini ya mlima yanapashwa moto mpaka yanapasuka na kurusha mawe na majivu, na aina hii inaweza kuja bila dalili za kutosha. Ndo kilichotokea Ontake, huko Japani ya kati, tarehe 27 Septemba 2014, Jumamosi, hali ya hewa safi, majani yameanza kugeuka rangi, watu wamejaa kileleni wanakula chakula cha mchana, saa sita kasoro dakika nane mlima ukalipuka. Waliokufa na waliopotea jumla yao 63. Na siku hiyo mlima ulikuwa kwenye daraja la 1 la tahadhari, la chini kabisa.

Nakueleza hivi sio kukutisha, nataka ujue namna ya kusoma yale madaraja. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani inapanga tahadhari kuanzia 1 mpaka 5. La 2 maana yake usisogelee kreta, la 3 usiukaribie mlima, la 4 na la 5 ni mambo ya kuhamisha wakazi. Daraja la 1 haliondoi hatari, linasema tu kwa sasa hawaoni dalili. Kwahiyo kiongozi mzuri hata kwenye daraja la 1 atawavalisha helmeti mkifika karibu na kreta, atawaonyesha vibanda vya zege vya kujificha viko wapi kabla hamjapoa jasho, hatawaacha mkae kileleni lisaa lizima mnapiga picha, na atakuwa amejaza ile fomu ya wapandaji inayoachwa mwanzo wa njia au kutumwa kwa intaneti ili wakiwatafuta wajue mlikuwa wangapi na mlipita wapi.

Halafu kuna hili ambalo kwa maoni yangu ndo linatenganisha safari nzuri na mbaya kule: milima inafungwa. Kirishima ndo mfano mzuri. Ndani yake kuna Shinmoedake, ulilipuka Januari 2011, ukarudia 2018, ukalipuka tena Juni 2025. Ile njia maarufu ya kuunganisha vilele kwa kupita Shinmoedake imefungwa tangu 2011, na kila ukipandishwa daraja na njia za jirani zinafungwa. Sakurajima ndo kabisa, kupanda hairuhusiwi, kilomita 2 kuzunguka kreta ni marufuku kuingia, ratiba ikikuandikia "kupanda Sakurajima" ujue aliyeiandika hajawahi kufika au anakudanganya. Unachofanya pale ni kuvuka na feri kutoka Kagoshima, kama robo saa tu, unatembea njia ya pwani juu ya lava ya mwaka 1914 (mlipuko ule ule ndo uliokiunganisha kisiwa na nchi kavu), unapanda na gari mpaka Yunohira, kituo cha kutazamia mlima, mita 373, ambapo ndo mwisho wa mtu wa kawaida kufika. Majivu yakidondoka siku hiyo, vaa mask na ufunge miwani, na kwa kifua chako bora ukae ndani ya jengo. Wenyeji wa Kagoshima wao wamezoea, manispaa inawagawia mifuko ya njano maalum ya kuzolea majivu uani.

Kwahiyo swali la kumuuliza kiongozi ni hili: Kirishima ikifungwa asubuhi ile, tunaenda wapi? Akikujibu "haitafungwa" au "tutaona" tafuta kampuni nyingine. Jibu zuri lina majina ya milima. Anaweza kukwambia tutahamia Kaimondake, mita 924, ule mlima wenye umbo la koni kabisa ulio ufukweni, njia yake inauzunguka kama skrubu mpaka juu, au kama mko upande wa kaskazini atakutajia Yufudake. Mtu aliyefikiria hivyo ndo wa kumpa hela yako.

Ugumu sasa. Kwa urefu tu usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kilele cha juu kabisa cha Kyushu ukiacha visiwa ni Nakadake ya Kuju (jina linafanana na lile la Aso, ni mlima mwingine), mita 1,791, kwahiyo ukisimama pale juu bado hujafikia usawa wa geti la Marangu ulipoanzia safari yako. Hamna kuumwa kichwa, hamna vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, hamna kuamka saa sita usiku kupanda gizani. Lakini Kilimanjaro mnaenda pole pole na mlima unapanda taratibu siku tatu, kule kila siku unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na kwa goti lako kushuka ndo kazi.

Chukua siku ya Kuju. Wengi wanaanzia Makinoto, tayari ni mita 1,330, mwanzo njia ni ya zege inapanda kwa nguvu, watu wanahema kwa sababu misuli haijapata moto. Ukishamaliza hapo njia inalainika, unafika Kujusan, unaenda Nakadake, kuna ziwa dogo la kreta linaitwa Miike ambalo wakati wa baridi linaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Mpaka hapo goti lako halijalalamika. Halafu mnashuka kwenye uwanda wa kijivu wa Kitasenri, mweupe mweupe, hauna majani, Iozan inafuka kushoto kwenu, na mwisho wa huo uwanda njia inadondoka kwenye mteremko wa mawe makubwa mpaka Hokkein. Ule mteremko ndo wako. Mawe mengine yanacheza, ukikanyaga unasikia linageuka chini ya buti, na hapo umeshatembea masaa mengi. Shuka mwisho wa kundi, fimbo mbili sio moja, zirefushe kidogo kabla ya kuanza kushuka, na mwambie kiongozi mapema kwamba hapo hukimbizwi. Wajapani wana heshima sana, hawatakuharakisha kwa mdomo, ila wataendelea na mwendo wao na wewe utaona aibu ukazane, sasa hiyo aibu ndo inavunja goti.

Hokkein yenyewe utaipenda. Ni nyumba ya kulala mlimani juu kidogo ya mita 1,300, huwezi kufika na gari lako, kila mgeni kaja kwa miguu, na ina maji ya moto ya asili. Mbele yake kuna bonde la Bogatsuru, kinamasi chenye majani marefu, kipo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, tangu 2005. Jioni chakula kinatoka mapema, saa kumi na mbili hivi, na watu wanalala mapema kweli kweli.

Kirishima wakiwapandisha Takachiho-no-mine ni mita 1,574, mnaanzia kwenye 970. Pale ni changarawe la volkano, jekundu na jeusi, hatua mbili mbele moja nyuma, kama uliwahi kupanda kutoka Kibo kwenda Gilman's unalijua hilo, ila hapa ni fupi. Mnapita ukingoni mwa kreta ya Ohachi, upepo ukiwa mkali pale ni pabaya, kiongozi akisema turudi mrudi. Juu kileleni kuna mkuki umechomekwa, wanaamini ndo mahali mjukuu wa mungu wao wa jua alishuka kutoka mbinguni. Sakamoto Ryoma, yule mwanaharakati wao wa karne ya 19, alipanda na mkewe Oryo mwaka 1866 wakauchomoa huo mkuki, wenyewe wanaitaja ile safari kuwa fungate la kwanza Japani. Nyie msiuguse.

Tarehe: chagua Oktoba. Mwanzo wa Juni kuna maua ya miyama-kirishima, yanafunika milima kwa rangi ya waridi, na sio siri ni mazuri kiasi kwamba watu wanapanga likizo kwa ajili yake. Ila ndo wakati mvua za tsuyu zinaanza Kyushu na zinaenda mpaka katikati ya Julai, na udongo wa Kuju ni mweusi, wa majivu ya volkano, ukilowa unateleza kama sabuni, sasa weka goti lako hapo. Mwisho wa Oktoba hewa kavu, majani mekundu Kuju na Kirishima, vimbunga vimepungua ingawa sio kwamba havipo kabisa. Kasoro yake ni jua, linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni na kwenye bonde giza linaingia kabla, kwahiyo taa ya kichwani lazima, na usiku mlimani baridi inakaribia sifuri, nawe unatoka Muscat. Beba koti la kuzuia upepo na sweta la ukweli. Pia nyigu wao wakubwa, suzumebachi, wanakuwa wakali msimu huo, vaa nguo za rangi nyepesi, nyeusi inawavuta. Dubu usiwaze, Kyushu hakuna, serikali yao ilishatangaza mwaka 2012 kwamba wametoweka kwenye kisiwa hicho.

Kama kuna mtu kakuambia bora uende Fuji, mimi sikubaliani naye. Fuji ni mita 3,776, msimu ni Julai mpaka mapema Septemba, foleni ndefu, vumbi, kulala masaa machache kibandani na kushuka kwenye changarawe mwendo mrefu unaoua magoti. Kwa mwili ulionielezea, Kyushu ni chaguo sahihi kabisa.

Chakula kinataka umwambie kiongozi mapema, wiki kadhaa kabla, sio mezani. Usiseme "halali" peke yake ukaishia hapo, mwandikie vitu kimoja kimoja: sili nguruwe, sili supu ya mifupa ya nguruwe, sinywi wala sili kilichopikwa na pombe ikiwemo sake na mirin, nakula samaki, mayai, wali, tofu, mboga. Hiyo ya mirin wengi hawaijui, ni kama pombe tamu ya kupikia inaingia kwenye vitu vingi vinavyoonekana havina neno. Rameni (tambi za mchuzi) ya Fukuoka mchuzi wake ni mifupa ya nguruwe. Kumamoto mgeni akiheshimiwa anaweza kuletewa nyama ya farasi mbichi imekatwa vipande vyembamba. Ukisema mapema nyumba nyingi zinakupikia samaki bila kinyongo, ukisema pale pale utakula wali mtupu. Beba tende, karanga na haluwa yako ya Muscat, ila nyama kavu au soseji usibebe, forodha ya Japani hairuhusu bidhaa za nyama. Na kwenye dawa angalia, zile za mafua zenye pseudoephedrine nyingi nazo hairuhusiwi kuingia nazo. Fukuoka kuna msikiti, na Beppu pia, kwa ajili ya wanafunzi wa nje waliojaa kule.

Kuhusu kuoga, wanawake na wanaume kwenye nyumba nyingi wako mbali mbali, lakini ndani wanaoga bila nguo yoyote, unaosha mwili kwanza umekaa kwenye kigoda ndo unaingia majini. Usilazimike. Sema unataka bafu la faragha la kukodi, wanaita kashikiri, kwenye hoteli za Kurokawa na Kirishima yapo mengi, unalipia kwa saa au linakuja na chumba, unafunga mlango unaloweka goti lako mwenyewe. Kwenye nyumba ya mlimani usilitegemee, hapo uliza saa ambayo bafu la wanawake halina watu, mara nyingi ni usiku baada ya chakula au alfajiri.

Bakhshishi hamna, ukimpa kiongozi hela mkononi unamtia aibu, zawadi ndogo ya kutoka Oman itampendeza zaidi. Bima iandikwe wazi kwamba inahusu kupanda milima. Pasipoti ya Tanzania inataka visa, ubalozi wa Japani upo hapo hapo Muscat, usingoje mwezi wa mwisho.

Na mazoezi uanze sasa, ngazi za kushuka, sio za kupanda, na ukamuone daktari wako wa kifua kabla hujalipa. Akikuruhusu, na kiongozi akikujibu kwa maandishi kuhusu pumu na kuhusu wapi mtaenda Kirishima ikifungwa, lipia ya Oktoba.